Kinanda Kilichopiga Chenyewe

Kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini na moshi wa jikoni ukianza kupanda, Milembe alitakiwa kukaa kwenye kigoda uani, aweke ubao magotini, na apige muziki usiosikika.

Ubao huo ulikuwa ubao kweli, kipande cha mninga kilichorandwa na fundi na kuchorwa kwa rangi meno ya kinanda, meupe na meusi. Mwalimu Felisita, aliyefundisha kwaya ya watoto ya kigango chao pembeni mwa mji wa Bariadi, aligawa mbao mbili tu: moja kwa Milembe, nyingine kwa Mektilda. Kinanda chenyewe kilifungiwa kabatini kanisani, kwa sababu kilikula betri kama mbuzi anavyokula majani ya mihogo, na umeme haukuwa umefika upande ule. Kilitolewa Jumamosi na Jumapili basi. Siku nyingine zote wasichana wale walibonyeza mti huku wakiimba nota kwa midomo yao wenyewe.

"Kidole kinabonyeza, mdomo unaimba," Mwalimu Felisita aliwaambia. "Ukikosea, rudi mwanzo wa mstari. Usikimbie. Na mkumbuke, wimbo wa matoleo haupigwi kwa kufuata saa. Unapigwa kwa kufuata mguu wa mtu anayetangulia na vipaji vya sadaka. Yeye akienda taratibu, nawe taratibu. Akisimama, unamsubiri."

Mektilda alifanya hivyo hivyo. Jirani zao walimcheka mpaka wakachoka, wakazoea. Milembe alifanya kwa siku chache za mwanzo. Kisha akaanza kuona haya kuonekana na watoto wa njiani akiimbia ubao, na baada ya haya ukaja uvivu. Mkono wa kulia aliujua, maana ndio uliobeba sauti ya wimbo, na sikio lake lilikuwa jepesi. Mkono wa kushoto ulimshinda. Kila alipojaribu kuunganisha miwili, ule wa kushoto ulisimama kama punda kwenye matope.

"Umeshafanya mazoezi, ng'wanone?" bibi yake aliuliza kutoka jikoni, akimwita mwanangu kwa Kisukuma.

"Nimeshafanya, bibi," Milembe alijibu, ubao ukiwa bado umeegemea ukuta.

Bibi huyo aliitwa Nyanzobe, mama mzazi wa baba yake. Ndiye mwanamke mzee kuliko wote kigangoni, na kwa desturi ya pale yeye ndiye aliyetangulia mbele ya maandamano ya vipaji, kikapu kichwani, akicheza wimbo mpaka altareni. Yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote Milembe alipochaguliwa kujifunza kinanda. Aliwatangazia hadi wauza dagaa sokoni.

Na kinanda hicho hakikuwa kitu kidogo. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia Bariadi, kila mmoja na mizani yake, wakigombania wakulima waliozoea kuusubiri ushirika tu. Mzee Ngeleja, mwenyekiti wa kigango, akashauri kwaya nayo ilime pamba yake yenyewe. Wakubwa walilima, watoto walipalilia na kuchuma mpaka vidole vikachubuka kwa maganda makavu. Pamba ilipouzwa, Mzee Ngeleja mwenyewe alikwenda kwenye duka la Tajudin mjini, akarudi na kinanda amekipakata kama mtoto mchanga.

Naila, binti wa Tajudin, alisoma darasa la sita pamoja na Milembe. Siku moja baada ya shule Milembe alipita dukani kwao, akakuta kinanda kama kile cha kanisani kimewekwa juu ya meza ya mbele, kinapiga wimbo wa taarabu, na nyuma yake hakuna mtu.

"Nani anapiga?" Milembe aliuliza.

"Hakuna."

"Naila, usinifanye mjinga."

"Hakuna mtu, wallahi. Hakuna hata jini." Naila alicheka, akamvuta karibu. "Hiki kina kichwa. Mtu akitaka kupiga, unabonyeza kitufe hiki chekundu, kinashika kila anachopiga. Halafu ukibonyeza hiki cha kijani, kinarudia vile vile. Baba anakiacha kijipigie ili wateja waingie."

Milembe alikitazama kitufe cha kijani kwa muda mrefu.

"Kumbe," alisema mwishowe. "Na sisi tunapewa mbao."

"Mbao?" Naila aliuliza. Milembe alipomweleza, Naila alicheka mpaka akashika meza. "Siku hizi mashine zinajipigia zenyewe, nyie bado mnabonyeza mlango."

Maneno yale yalimwingia Milembe, yakakaa.

Sikukuu ya mavuno ikakaribia. Mwalimu Felisita aliwaita wasichana wake wawili, akawasikiliza ubeti wa kwanza, mkono wa kulia peke yake. Milembe alipiga vizuri kuliko Mektilda. Sauti ilitiririka. Mwalimu akaamua Milembe apige wimbo wa matoleo, Mektilda apige wa mwisho.

"Mkono wa kushoto uko tayari?" mwalimu aliuliza.

"Uko tayari, mwalimu."

"Nitausikia Jumamosi."

Jumamosi Milembe alifika mazoezini akiwa amefunga kidole cha mkono wa kushoto kwa kitambaa. Alisema ganda la pamba limemchoma, kidole kimevimba. Mwalimu Felisita alimpa pole, akamwambia akipumzishe, kesho Mungu akipenda kitakuwa kimepoa. Kisha akakaa mwenyewe kwenye kinanda ili watoto wafanye mazoezi ya wimbo. Milembe alisimama kando yake kama anayetaka kujifunza kwa macho. Mwalimu alipoinamia kitabu cha nyimbo kutafuta ukurasa, Milembe alinyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu.

Mwalimu alipiga wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa haraka, kwa sababu wingu lilikuwa limetanda na watoto walitakiwa kuwahi nyumbani. Kinanda kikashika kila kitu.

Chini ya kitambaa kidole kilikuwa kizima kabisa.

Kesho yake kanisa lilijaa. Watu walikuja na mtama, mahindi, mpunga, viazi, kuku waliofungwa miguu. Baba yake Milembe, Fredrick, alikaa benchi la mbele akiwa amevaa koti alilovaa siku ya harusi yake. Padre Novatus alipomaliza mahubiri, watu walisimama, na nje mlangoni maandamano ya vipaji yakajipanga. Mbele yao wote alisimama Bibi Nyanzobe, kikapu cha mtama kichwani.

Milembe alikaa kwenye kinanda. Kitambaa alikuwa amekitoa. Aliweka vidole juu ya meno ya kinanda bila kuyabonyeza, na kwa kidole gumba akagusa kitufe cha kijani.

Wimbo ukaanza. Ulikuwa mzuri, mikono yote miwili, mzito chini na mwepesi juu. Fredrick aligeuka akamtazama jirani yake kwa macho yaliyosema, huyo ni wangu. Mektilda, aliyesimama katika safu ya kwanza ya kwaya, alikunja uso akatazama mikono ya Milembe.

Kwaya ikafuata kinanda. Ngoma ikafuata kwaya. Na Bibi Nyanzobe, aliyekuwa na goti bovu tangu alipoanguka kisimani, akajaribu kufuata ngoma. Alizoea kucheza taratibu, hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika. Siku hiyo wimbo haukupumzika. Akaongeza mwendo. Wanawake waliomfuata nyuma wakaanza kumkaribia mgongoni.

Milembe aliona. Aliona jasho kwenye paji la uso wa bibi yake, aliona goti linavyotetemeka chini ya khanga. Alitaka kupunguza mwendo. Vidole vyake vilijua kwamba wimbo umekwenda mbio mno, lakini vidole vyake havikuwa na kazi yoyote pale.

Katikati ya kanisa Bibi Nyanzobe alikanyaga pindo la khanga yake, akaanguka. Kikapu kiliruka. Mtama ukamwagika sakafuni, ukasambaa mpaka chini ya mabenchi.

Milembe aliinua mikono yote miwili akaziba mdomo.

Kinanda kikaendelea kupiga.

Kwaya ilinyamaza. Ngoma ilinyamaza. Katika ukimya ule kinanda kilipiga ubeti wa pili kikaingia wa tatu, kwa furaha yake yote, na msichana aliyekaa mbele yake ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kanisa zima likageuka. Mtoto mdogo benchi la nyuma aliuliza kwa sauti iliyosikika hadi altareni, "Mama, kinanda kinapiga chenyewe?"

Watu wengine walicheka. Wengine hawakucheka, na hao ndio waliomwumiza zaidi Milembe. Fredrick aliinamisha kichwa, akaanza kuchunguza vifungo vya koti lake.

Mwalimu Felisita alikuja taratibu, akazima kinanda. Hakumtazama Milembe. Alikwenda kumsaidia Bibi Nyanzobe kuinuka, akamshika mkono, kisha akaanza wimbo kwa mdomo wake, polepole sana, na watu wakaitikia. Mtama uliobaki kikapuni ukafika altareni hivyo, mkononi mwa mwanamke aliyechechemea.

Juma lile lilikuwa refu kwa Milembe. Shuleni wavulana walimpita wakiwa wameinua mikono juu huku wakiimba. Walimpa jina: Milembe Bila Mikono. Alikuwa akiingia darasani wa mwisho na kutoka wa mwisho. Naila alijaribu kumtania, lakini alipouona uso wake aliacha, akampa nusu ya andazi lake bila kusema kitu. Nyumbani baba yake hakumchapa wala kumgombeza. Alipomtuma kitu, alikitaja hicho kitu tu, bila kutaja jina lake. Milembe aliona heri angechapwa.

Goti la Bibi Nyanzobe lilivimba. Milembe ndiye aliyelikanda kwa maji ya moto, na kila alipochovya kitambaa alishindwa kuinua macho.

"Mbona hunisemeshi?" bibi alimwuliza jioni moja.

"Nakanda, bibi."

"Mikono ndiyo inakanda. Mdomo una kazi gani?"

Milembe alikamua kitambaa mpaka maji yakaisha. Kisha alisema yote: ubao ulioegemea ukuta, kidole kizima kilichofungwa kitambaa, kitufe chekundu, kitufe cha kijani. Hakuacha kitu. Alisubiri bibi yake akasirike.

Bibi Nyanzobe alilitazama goti lake.

"Nilikuwa najilaumu mwenyewe," alisema. "Nilijiambia, Nyanzobe, umezeeka, mtoto wa mwanao anakupigia wimbo na wewe unabaki nyuma. Ndiyo maana nikakimbia. Nilikuwa nakukimbilia wewe, ng'wanone. Kumbe pale nilipokuwa nakimbilia hukuwepo."

Hapo ndipo Milembe alipolia. Alilia aibu ya aina nyingine, isiyojali tena wavulana wa shule wala mikono yao iliyoinuliwa.

Mazoezi yaliyofuata alikwenda kanisani, ubao kwapani. Watoto walipomwona walianza kuguna. Alisimama mbele yao, akasema alidanganya, kidole hakikuwa na kidonda, na kinanda cha pamba yao wote alikigeuza redio. Akaomba msamaha. Kisha akamkabidhi Mwalimu Felisita ubao.

"Wa nini huu?" mwalimu aliuliza.

"Nimeurudisha, mwalimu. Mpe mwingine."

"Mstari gani ulikushinda?"

Milembe hakutegemea swali hilo. "Wa tatu. Mkono wa kushoto."

"Kaa pale. Anzia mwanzo wa mstari wa tatu. Nataka kusikia mdomo wako unaimba."

"Hivyo tu?" Mektilda alisema kutoka kwenye safu yake, na sauti yake ilikuwa na uchungu. "Mimi nimechekwa na jirani zetu miezi yote hii kwa ubao huo. Yeye anadanganya, halafu anaambiwa aanzie mstari wa tatu?"

"Una haki ya kukasirika, Mektilda," mwalimu alijibu. "Utapiga wewe, kila Jumapili. Yeye atabonyeza ubao mpaka nitakaposikia mikono miwili. Lakini simfukuzi."

Ikawa hivyo. Mektilda alipiga Jumapili zote, na Milembe aliimba katika safu ya nyuma kabisa. Jioni alikaa kwenye kigoda uani, ubao magotini, wazi mbele ya kila mpita njia. Alibonyeza, akaimba, akakosea, akarudi mwanzo wa mstari. Wavulana walimcheka mpaka wakachoka, wakazoea. Bibi Nyanzobe alipoanza kutembea tena bila fimbo, Milembe alimwomba apite uani huku na huko, taratibu, ili ajifunze kumfuata. Bibi alipita. Mara nyingine alisimama ghafla makusudi, amtege, na mjukuu alipoendelea mbele aliambiwa, "Umeniacha. Nirudie."

Jambo la ajabu likatokea, ingawa hakuna aliyeliona isipokuwa Milembe. Siku moja mkono wa kushoto uliacha kusimama. Uliondoka wenyewe pamoja na wa kulia, na kwenye ubao usio na sauti alisikia wimbo mzima.

Mektilda ndiye aliyeamua. Alikuja jioni moja kumtazama, akasimama kando ya kigoda mikono kiunoni, akamsikiliza akiimba mistari yote. "Umeweza," alisema, kama mtu anayemeza dawa. "Mwambie mwalimu. Nami nimechoka kukosa kuimba."

Mvua zilikuwa zimeanza, na watu wako kwenye palizi, ilipofika sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Mwalimu Felisita alimweka Milembe kwenye kinanda. Mnong'ono ulipita kanisani kama upepo katika mahindi. Mzee Ngeleja alikunja mikono kifuani.

Bibi Nyanzobe alitokea mlangoni, safari hii amebeba kuku. Milembe hakutazama kitabu wala mikono yake. Alitazama mguu wa bibi yake. Mguu uliposogea, alianza. Alipiga taratibu, na mahali fulani katika ubeti wa pili kidole kimoja kilikwenda kusikotakiwa, kila mtu akasikia. Alirudi mwanzo wa mstari akaendelea. Katikati ya kanisa, palepale alipoangukia, Bibi Nyanzobe alisimama kuvuta pumzi. Milembe akamsubiri. Alirudia kiitikio, akakirudia tena, kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeharakisha. Wanawake wa nyuma walisimama wakayumba polepole mahali pao. Kisha mguu ukasogea, na wimbo ukasogea nao, mpaka altareni.

Baada ya misa Mzee Ngeleja aliwakuta Mwalimu Felisita, Milembe na baba yake wakifunga kinanda kwenye sanduku lake. Padre Novatus alikuwa amesimama karibu, akiagana na watu.

"Mwangaluka, mwalimu," mzee alimsalimu.

"Mwangaluka, baba."

"Wimbo umechukua muda kuliko mahubiri."

"Umechukua muda wa mama Nyanzobe."

Mzee hakucheka. "Mwalimu, nikuambie wazi, sina chuki na mtoto. Lakini pamba ile tulilima wote. Niliuvunja mgongo huu wangu. Mtoto akatudanganya mbele ya altare, mzee wa watu akaanguka. Sisi wazee wa kigango tulikubaliana asiguse tena kinanda. Wewe umemrudisha bila kutuuliza. Tunataka Jumapili ijayo usimame mbele ya waamini uombe radhi."

Milembe aliinua kichwa kutoka kwenye sanduku. "Babu, kosa ni langu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niombe."

"Wewe umeshaomba," Mwalimu Felisita alimwambia. "Uliomba kwa mdomo, na leo umeomba kwa mikono. Inatosha." Akageuka kwa mzee, na alizungumza kwa heshima, bila kupaza sauti. "Mzee wangu, mimi nilijifunza kinanda kwa masista nikiwa mkubwa kuliko huyu. Nilikuwa mvivu, na mwongo pia. Hakuna aliyenifukuza. Na hata leo Mungu ananifundisha vivyo hivyo. Nikikosea ananirudisha mwanzo wa mstari, hanirudishi nyumbani. Ananisubiri. Angekuwa kama kile kitufe cha kijani, anapiga tu bila kutazama nani amechoka na nani ameanguka, sote tungekuwa sakafuni pamoja na ule mtama. Huyu mtoto alitaka sauti bila kazi, na aibu yake ameila mpaka mwisho. Sasa amejifunza kufanya kazi, na amejifunza kumsubiri anayekwenda pole. Hilo ndilo nililotumwa kuwafundisha watoto hawa. Nyimbo ni njia tu."

"Kwa hiyo utaomba radhi au hutaomba?" Mzee Ngeleja aliuliza.

"Nilipaswa kuwauliza wazee kwanza, hilo ni kweli, na siku nyingine nitauliza. Lakini kumrudisha mtoto kwenye kinanda?" Mwalimu Felisita alifunga sanduku, akamkabidhi Milembe alibebe. "Siombi radhi, mzee wangu. Jumapili ijayo siombi, na hata mkinitoa kwenye kwaya siombi."